Nimenunua kamera, lakini simu ya mdogo wangu inaishinda: nimeuziwa mbovu?

"Shikamoo mtaalamu. Niko Tanga. Nimenunua kamera iliyotumika, Canon EOS 2000D, na lenzi yake ya 18-55. Mchana nje inapiga vizuri, lakini sebuleni na ukumbini usiku picha zinatoka zimetikisika, za njano, na sura hazionekani sawasawa. Gurudumu la juu naliweka kwenye ile alama ya kijani. Nikiangalia kwenye kioo cha nyuma inachelewa sana kushika fokasi. Mdogo wangu ana simu ya kawaida tu na picha zake zinatoka safi, mpaka nyumbani wananicheka. Rafiki anasema ni megapikseli, simu ina 50 na kamera yangu 24. Mwingine anasema shata imekwisha. Nilitaka nianze kupiga kipaimara na harusi za mtaani nipate chochote. Je, niiuze niongeze hela nichukue kubwa, au ninunue fleshi? Na fleshi za bei poa zitafaa?"

Marahaba. Umeandika jambo moja ambalo karibu linamaliza kesi: mchana nje inapiga vizuri. Shata, yaani lile pazia la ndani linalofunguka na kufunga kuruhusu mwanga, ikichoka haingoji jua lizame. Ikianza kufa, utaona utepe mweusi upande mmoja wa picha, au picha mbili za papo hapo zikipishana mwanga bila sababu, au kamera itagoma na kuandika neno Err likifuatwa na namba. Na hayo yatatokea saa sita mchana kama yanavyotokea saa mbili usiku. Kwa hiyo weka pembeni habari ya kuuziwa mbovu. Nitakupa jaribio la kuthibitisha, lakini dalili zako zote zinaelekea kwenye upungufu wa mwanga, na kamera iliyoachiwa iamue yenyewe la kufanya ikiwa gizani.

Hiyo 2000D ilitoka mwaka 2018. Ukikuta imeletwa kutoka Marekani itakuwa imeandikwa Rebel T7, na sehemu nyingine 1500D. Ni kamera ileile. Ni ya ngazi ya kuanzia, na walipopunguza gharama walipunguza kwenye mfumo wa fokasi, kasi, na vitu kadhaa utakavyoviona hapa chini. Kihisi chake, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga na kuugeuza picha, hawakukipunguza sana: kina upana wa milimita 22.3 kwa 14.9, eneo kubwa mara kadhaa kuliko la simu za kawaida. Hapo ndipo penye thamani ya pesa yako.

Tumalize la megapikseli haraka. Simu zinazotangazwa kuwa na 50, kwa kawaida huunganisha pikseli nne kuwa moja na kukupa picha ya takriban 12. Kamera yako inatoa picha ya pikseli 6000 kwa 4000. Ukiichapisha kwa kiwango kizuri cha nukta 300 kwa inchi, unapata karatasi ya inchi 20 kwa 13. Wateja wako watataka inchi 5 kwa 7, wachache 8 kwa 12. Huna tatizo la pikseli, na huenda usiwe nalo maisha yako yote.

Sasa kwa nini simu inashinda usiku? Mdogo wako akibonyeza mara moja, simu inapiga picha kadhaa mfululizo, inazipanga moja juu ya nyingine, inafuta chenga (zile punjepunje za picha za gizani), inang'arisha nyuso, inarekebisha unjano, kisha inakuonyesha matokeo kana kwamba ilikuwa picha moja. Pia lenzi yake ina uwazi mkubwa, mara nyingi f/1.8 au karibu na hapo. Kamera yako inapiga picha moja, kupitia lenzi ambayo ukiivuta mpaka 55, yaani mwisho wa kukuza kwake, haifunguki zaidi ya f/5.6. Namba hizo za f zinachanganya wengi kwa sababu ikiwa kubwa, tundu ni dogo. Kutoka f/5.6 hadi f/1.8 mwanga unaoingia unaongezeka karibu mara kumi. Lenzi yako ya 18-55 usiku ni kama dirisha lililofunguliwa robo.

Tuchukue sebule yenye taa moja ya LED darini, ya kawaida tu. Umevuta lenzi hadi 55, na ISO, yaani kiwango cha kamera kuukuza mwanga inaoupokea, iko 1600. Ili picha isitoke nyeusi, shata italazimika kukaa wazi kama sekunde 1/15. Katika muda huo mtoto amegeuza shingo, shangazi ameinua kikombe, na mkono wako umecheza. Ndiyo ile picha uliyoniandikia.

Ukiwa pale pale, fanya mambo mawili yasiyo na gharama. Rudisha lenzi kwenye 18, ambako inafunguka hadi f/3.5, kisha umsogelee mtu kwa miguu yako. Pandisha ISO hadi 3200. Shata sasa inaweza kwenda karibu 1/80, zaidi ya mara tano ya ile ya mwanzo. Mtu aliyekaa au anayeongea atatoka ametulia. Anayecheza muziki bado hatatulia, huyo anahitaji 1/250, na hapo ndipo lenzi au fleshi inapoingia, nitafika huko. Angalizo moja tu: kwenye 18 usimsogelee mtu hadi chini ya mita moja na nusu, pua itakua na atakulaumu. Kwa sura peke yake, 28 au 35 ni salama zaidi.

Wengi wanaogopa ISO kwa sababu ya chenga. Kwa kamera hii 1600 ni safi kabisa, 3200 inachapishika bila aibu kwenye inchi 5 kwa 7, na 6400 ni ya dharura. Kumbuka kwamba chenga zinapunguzika kwenye kompyuta au hata kwenye simu, lakini picha iliyotikisika haina dawa. Ukilazimika kuchagua, chagua chenga.

Ondoka basi kwenye ile alama ya kijani. Ukiwa pale kamera hairuhusu uchague ISO, wala uchague ishike fokasi wapi, na gizani inanyanyua fleshi yake ndogo na kuipepesa mara kadhaa ili ipate mwanga wa kutafutia fokasi. Watu wanadhani picha imeshapigwa, wanafumba macho au wanaondoka, ndipo shata inafunga. Zungusha gurudumu hadi M, ambako wewe mwenyewe ndiye unayepanga shata, f na ISO. Zungusha kile kigurudumu kidogo kilicho nyuma ya kitufe cha kupigia mpaka usome 1/100. Shikilia kitufe cha Av kilicho nyuma na uzungushe kigurudumu hichohicho mpaka upate namba ndogo ya f inayowezekana, yaani 3.5 ukiwa kwenye 18. Bonyeza mshale wa juu, chagua ISO 3200. Piga. Ikiwa giza, panda ISO 6400 au shuka shata 1/50. Ikiwa imeungua kwa mwanga kuzidi, shusha ISO. Mwanga wa chumba haubadilikibadiliki, hivyo ukishapata namba zako za sebule hiyo, huhitaji kuzigusa tena mpaka uhame chumba.

Nimesema 1/100 kwa makusudi. Umeme wetu unakwenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi za LED za bei rahisi pamoja na zile ndefu za tyubu hupepesa mara 100 kwa sekunde bila macho yako kuona. Ukipiga kwa 1/500 chini ya taa hizo, picha moja itakuwa ya njano, inayofuata ya kijani, nyingine ina mstari mweusi katikati, na utaanza tena kuilaumu shata. Kwenye 1/100 au 1/50 kila picha inakula mpepeso mzima na rangi zinatulia. Kwa video, ingia kwenye menyu uhakikishe mfumo wa video ni PAL, unaoendana na umeme wetu. Kamera iliyotoka Marekani huenda imewekwa NTSC na itakupa michirizi inayotembea.

Kuhusu unjano: mizani ya rangi ya kamera, ikiachwa kwenye otomatiki, huacha unjano mwingi chini ya balbu. Bonyeza mshale wa chini, chagua picha ya balbu, uone kama inatosha. Isipotosha, piga picha ya karatasi nyeupe iliyowekwa mahali watu watakaposimama, ijae kioo chote, kisha kwenye menyu tafuta mizani ya kujiwekea, ichague picha ile, na urudi kwenye mshale wa chini uchague alama ya kujiwekea. Dakika moja, na sura za watu zinarudi kwenye rangi zao. Ukumbini kwenye taa za rangi za MC na DJ usijisumbue. Hakuna mizani ya kurekebisha uso ulio nusu zambarau nusu kijani. Hapo piga katika RAW (faili ghafi ambalo rangi zake unazirekebisha baadaye) pamoja na JPEG (picha ya kawaida), au subiri taa nyeupe zirudi.

Fokasi nayo ina maelezo yake. Unatumia kioo cha nyuma kama unavyotumia simu, na hapo ndipo kamera hii ilipo dhaifu kuliko mahali pengine pote. Kwenye kioo inatafuta fokasi kwa kusogeza lenzi mbele na nyuma huku ikilinganisha ukali wa picha, na gizani inaweza kuhangaika sekunde mbili tatu kisha ikakosa. Ukichungulia kwenye kidirisha cha juu inatumia mfumo mwingine kabisa, wenye nukta tisa, unaojua mara moja isogee upande gani na kiasi gani. Tofauti utaiona papo hapo. Kama ukichungulia unaona kila kitu kina ukungu, hata maandishi ya ndani, kuna kigurudumu kidogo kabisa pembeni ya kidirisha cha kurekebisha kulingana na jicho lako. Kizungushe mpaka zile nukta zionekane kali.

Katika nukta tisa hizo, ya katikati pekee ndiyo inayosoma mistari ya wima na ya mlalo. Nane zilizobaki zinasoma upande mmoja tu na gizani hazitegemeki. Halafu kamera ikiachiwa ichague yenyewe, hupenda kitu kilicho karibu: itashika maua ya mezani, keki, au maikrofoni, na bibi harusi nyuma yake anabaki na ukungu. Bonyeza kile kitufe cha pembeni kabisa juu kulia nyuma ya kamera, chenye alama ya lenzi ya kukuzia, kisha SET, mpaka iwake nukta ya katikati peke yake. Iweke juu ya jicho la mtu, bonyeza nusu, ikilia geuza kamera upange picha yako, malizia kubonyeza. Mtu anapokujia akitembea, kama maharusi wanaoingia, bonyeza mshale wa kulia uchague AI Servo, fokasi inayomfuata anayesogea, na uendelee kushikilia nusu huku wakija. Baada ya hapo rudisha One Shot, inayoshika fokasi mara moja na kuifunga hapo, maana ukisahau picha zako zote za kupanga upya zitashika ukuta.

Kabla hujatumia hata shilingi, fanya jaribio hili la kuamua kama kifaa ni kizima. Mchana, weka kamera juu ya meza imara, gazeti liwe mbele yake kama mita moja na nusu, likiwa limeinama nyuzi 45 hivi. Gurudumu kwenye Av, ambako unachagua f na kamera inajipangia shata, f iwe ndogo kuliko zote, lenzi kwenye 55, kujipiga baada ya sekunde 2 ili mkono wako usiitikise. Chungulia kidirishani, nukta ya katikati kwenye mstari mmoja wa herufi unaoutambua, piga tatu, kila mara ukiivuruga fokasi kwanza. Kisha washa kioo cha nyuma, ushike fokasi mstari uleule, piga tatu nyingine. Zikuze zote mpaka mwisho.

Zikiwa kali zote sita, kamera yako ni nzima, kwisha habari. Zile za kioo zikiwa kali, lakini za kidirishani kila mara zimeshika mstari wa mbele zaidi au wa nyuma zaidi, mfumo wa nukta haujakaa sawa. Kamera hii haina menyu ya kurekebisha hilo, ni kazi ya fundi. Zikiwa na ukungu zote, tazama lenzi: alama za vidole, au fangasi.

Na kwa kuwa uko Tanga, fangasi nitalisemea zaidi. Unyevu wa pwani ndio adui namba moja wa lenzi huku, na lenzi iliyotumika ndiyo inayokuja nao tayari. Chomoa lenzi, fungua vifuniko vyote viwili, washa tochi ya simu upande mmoja na uangalie kutoka upande wa pili kwa kuinamisha. Vumbi la nukta chache halina neno. Ukiona nyuzi nyembamba zilizosambaa kama utando wa buibui, au mawingu meupe pembezoni, hiyo ni fangasi. Ikiwa kidogo, picha za mchana zitaonekana sawa, lakini taa ikiingia kwenye picha itatapakaa na nyeusi itakuwa kijivu. Fundi anaweza kufungua na kuisafisha. Tatizo ni kwamba ikikaa muda mrefu inatoa asidi inayokula mipako ya kioo, na alama hiyo haifutiki. Kwa lenzi ya 18-55, ambayo mtaani inapatikana iliyotumika kwa bei ndogo, gharama ya kufunguliwa huenda ikazidi kununua nyingine. Usiiweke lenzi yenye fangasi kwenye boksi moja na nzima.

Mahali pabaya kuliko pote pa kuhifadhi kamera pwani ni lile begi lake la ngozi ndani ya kabati la nguo. Nunua kontena la plastiki la kuhifadhia chakula lenye mfuniko wa kubana na mpira, tia gramu 100 hadi 200 za silika (zile punje za kufyonza unyevu), na kama unaweza kipimo kidogo cha unyevu. Unyevu ubaki kati ya asilimia 40 na 50. Juu ya 60 kwa muda mrefu fangasi inaota. Chini ya 30 mpira na grisi ya ndani vinakauka. Silika inayobadili rangi ikishaonyesha imejaa, ikaushe kwenye oveni nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili. Mchele unaopendekezwa na watu hauvuti unyevu wa maana, na unga wake unaingia kwenye zumu, ile pete ya kuvutia lenzi. Na ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kwenda nje, iache kamera ndani ya begi lililofungwa zipu kwa nusu saa ipate joto polepole. Ukungu unaoona kwenye kioo cha mbele unatokea na ndani pia.

Sasa pesa. Kuuza kamera na kuongeza hela ununue kubwa sikushauri, kwa sababu moja rahisi: ukinunua kamera ya bei mara tatu na kuiwekea lenzi ya f/5.6, sebule yako itabaki na giza lilelile. Utapata chenga kidogo pungufu na fokasi bora, lakini shata bado itaomba 1/15 au 1/30. Weka pesa kwenye lenzi, kisha kwenye fleshi.

Lenzi ni Canon EF 50mm f/1.8 STM, iliyotoka 2015, miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa za kampuni hiyo. Kwenye sebule yetu ile ile, ukiwa f/2 na ISO 3200, shata inafika karibu 1/250. Hata anayecheza anatulia. Lakini ina masharti yake. Kwa kihisi cha kamera yako inakuwa na upeo mwembamba: ukiwa umbali wa mita 4 inachukua upana wa mita 1.8 tu, hivyo kundi la watu sita linahitaji urudi nyuma mita 6 au 7, ambazo sebuleni hazipo. Ni lenzi ya mtu mmoja au wawili, sura, pete, keki. Kundi utarudi kwenye 18-55. Sharti la pili ni fokasi: kwenye f/1.8 ukiwa mita 2 kutoka kwa mtu, sehemu inayotoka kali ina kina cha sentimita 11 hivi. Watu wawili wakipishana kidogo, mmoja ana ukungu. Kwa wawili funga hadi f/2.8 na uwapange mstari mmoja. Haina kitulizi cha mkono, kwa hiyo usishuke chini ya 1/80. Nayo lenzi yako ya sasa itazame kwenye pete yake ya mbele: ikiandikwa IS ina kitulizi na swichi yake iwe kwenye ON, isipoandikwa, haina. Hata yenye IS inatuliza mkono wako tu, mtoto anayekimbia haimtulizi.

Kitu kizuri ni kwamba lenzi hiyo haipotei ukihamia baadaye kwenye kamera mpya za Canon zisizo na kioo cha ndani, za familia ya R. Kuna kiunganishi cha kuifunga na inafanya kazi pamoja na fokasi yake.

Fleshi ndiyo swali lako ambalo wengi wamelipia ada kwa kutokuuliza. Tazama kiti cha fleshi juu ya kamera. Kamera nyingi zina doa kubwa la chuma katikati, hilo ndilo linalowasha fleshi yoyote ya dunia hii. Kwenye 2000D, na ndugu yake 4000D, Canon waliliondoa. Utaona vidoa vidogo tu. Maana yake fleshi za bei poa zenye pini moja, na rimoti nyingi za kuwashia taa za studio, ukizichomeka hazitawaka, na muuzaji atakwambia kamera ni mbovu. Zinazofanya kazi ni za Canon zenyewe, au za kampuni nyingine zilizotengenezwa kuongea lugha ya E-TTL, yaani mfumo wa Canon wa kamera kuiamuru fleshi itoe mwanga kiasi gani, na kuthibitishwa kwa kamera hizi zisizo na pini. Usinunue kwa maneno. Nenda na kamera yako dukani, chomeka, piga picha tano, tazama kama mwanga umeonekana kwenye picha, ndipo ulipe. Ununuzi wa mtandaoni bila haki ya kurudisha, achana nao kwa kitu hiki.

Chagua fleshi yenye kichwa kinachogeuka, kwa sababu faida yake kubwa ni kuielekeza darini mwanga ushuke laini. Dari liwe jeupe na lisizidi mita 3 au 4. Ukumbi wenye vitambaa vya rangi darini utawapaka watu rangi hiyo, na bati la juu au turubai la hema halirudishi kitu cha maana. Hapo elekeza kwenye ukuta mweupe wa pembeni, au piga moja kwa moja ukiwa na kitambaa cheupe chembamba mbele ya taa. Shata isizidi 1/200, ukipita hapo sehemu ya picha itakuwa nyeusi.

Kwa leo unayo ile fleshi ndogo ya kunyanyuka. Nguvu yake ni namba 9.2. Igawanye kwa f unayotumia na utapata mita inazofika ukiwa ISO 100: kwa f/5.6 ni mita 1.6 tu. Ndiyo sababu watu wa ukumbini wanatoka weusi na meza ya mbele imeungua. Pandisha ISO hadi 1600 na umbali unakuwa mara nne, mita 6 na nusu. Ukiitumia, vua ile kofia ya plastiki ya kukinga jua iliyo mbele ya lenzi, la sivyo utapata kivuli cha nusu duara chini ya picha.

Betri yake ni LP-E10, inatoa karibu picha 500 ukichungulia kidirishani, na takriban nusu yake ukikaa kwenye kioo cha nyuma. Uwe nazo mbili. Kadi uifomati ndani ya kamera yenyewe, baada ya kuhamisha picha. Na ukimtumia mteja kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti. Ukituma kama picha inabanwa, na nusu ya ubora uliouhangaikia unabaki njiani.

Kuhusu kupata chochote: kipaimara, siku ya kuzaliwa, picha za pasipoti, mahafali ya chekechea, kamera hii inatosha leo hii, ukishazoea M. Picha za pasipoti hata fleshi hazihitaji: mkalishe mtu akitazama dirisha kubwa lisilopigwa na jua, nyuma yake shuka jeupe lililo umbali wa mita moja ili kivuli kisigote, lenzi kwenye 55, f/5.6. Harusi ukiwa mpiga picha pekee, subiri kwanza. Kamera ina tundu moja la kadi. Kadi ikifa kabla hujafika nyumbani, ndoa ya watu haina kumbukumbu, na haitarudiwa. Inapiga picha 3 kwa sekunde, na gizani una nukta moja ya kutegemea. Nenda kama msaidizi wa mwenye vifaa, au kubali harusi za mchana nje, ubadilishe kadi katikati ya shughuli ili isipotee yote, na umwambie mteja ukweli kabla ya kupokea advansi. Simu ya mdogo wako nayo usiidharau: video ya usiku na picha ya mtu aliye mbele ya dirisha lenye jua, itakuzidi bado. Mbebe naye.

Fundi mtafute kwa haya tu: jaribio la gazeti limeonyesha fokasi imehama, fangasi imeonekana ndani ya lenzi, utepe mweusi unajirudia, au ujumbe wa Err haufutiki. Err 01 ni kamera na lenzi kutosikilizana. Kwanza zima, chomoa lenzi, futa vidoa vyake vya dhahabu kwa kitambaa kikavu safi, rudisha. Err 02 ni kadi, jaribu nyingine. Err 05 ni fleshi ya juu imezuiwa kunyanyuka. Namba zaidi ya hizo, toa betri, washa tena, na ikirudi usiendelee kulazimisha. Doa jeusi linalotokea mahali palepale kila picha ukiwa f/16 ni vumbi juu ya kihisi: pampu ya mkono ya mpira inatosha mara nyingi, kamera ikiwa imeinamishwa chini, betri imejaa, na menyu ya kusafisha kwa mkono imewashwa. Usipulize kwa mdomo, wala kopo la hewa ya presha. Doa lisipotoka, mpe fundi.

Unapokwenda kwake chukua kadi yenye picha zile sita za gazeti, umwonyeshe tatizo kabla hajafungua skrubu, andika namba ya mwili wa kamera iliyo chini yake, na mkubaliane bei kwa maandishi. Akitaka kubadilisha shata wakati picha zako za mchana ni safi, chukua kamera yako uende kwa mwingine. Wala usikubali aihesabie shata umri kwa kusoma namba za mafaili: kamera ikifika 9999 inaanza tena 0001, na aliyekuuzia angeweza kuirudisha mwanzo kwa kubonyeza menyu.